Kuvua kwa Mchezo na Samaki Anayerudishwa Majini

Kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu ya baada ya Isha alinijia na suali, nami nikamjibu kwa haraka, kisha nikaijutia haraka yangu. Kijana huyu ana mashua ndogo katika hori la Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, na riziki yake ni kuwachukua wageni wanaopenda kuvua kwa starehe. Wageni hawa huja na fimbo zao za kuvulia zenye gurudumu la kukunjia mshipi, wakavua kolekole, au tewa, au mzia, wakamshika mikononi wakapigwa picha naye, kisha wakamrudisha majini. Hawamli, hawamuuzi, wala hawampi mtu. Kijana akaniuliza, "Maalim, ujira ninaoupata kwa kazi hii ni halali?" Mwenzake aliyekaa ubavuni mwake akacheka, akasema kwamba samaki akisharudi baharini hapana aliyedhulumiwa, basi suali ni la nini? Nami nikasema, "Ni haramu, iache," nikafunga kitabu, nikaenda zangu.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Neno haramu ni zito, na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahli ametuonya tusiziache ndimi zetu kusema hiki ni halali na hiki ni haramu kwa kumzulia Yeye uwongo. Mimi nilikuwa na dalili gani mkononi? Sikuwa nayo. Nilikuwa na chuki tu ya kuona mtu mzima akicheza na kiumbe. Isitoshe, kijana yule ana mama na watoto wanne wanaokula kwa mashua ile, na mimi mwenyewe sikupata kuipanda hata siku moja. Asubuhi nikamwita, nikamwambia, "Mwanangu, jawabu langu la jana liweke kando. Siku utakayotoka na wageni wenye kuridhia, nichukue na mimi nikaone." Akaridhia, na wageni wakaridhia.

Kabla sijaeleza niliyoyaona, yanipasa kukiri jambo. Mimi nami ni mvuvi. Nimezaliwa katika nyumba ambayo mshipi hutundikwa nyuma ya mlango, na kila Alkhamisi, siku ya mapumziko ya chuo, aghlabu utanikuta juu ya mwamba au ndani ya mtumbwi wa kuazima, na chambo changu cha kamba katika kifuu. Najua jinsi moyo unavyoruka mshipi unapovutwa chini kwa ghafula, na ambaye haijui ladha ile sidhani kwamba anaweza kulihukumu jambo hili kwa uadilifu. Wako ndugu zetu wanaosema kila mchezo ni batili, na mwenye umri wangu akionekana na ndoana hutazamwa kwa jicho la upande. Siwafuati katika hilo. Mahabushi walicheza na mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bibi Aisha ili apate kuwatazama. Na yule mtoto Abu Umair alikuwa na kindege chake cha kuchezea, Mtume (s.a.w.) akawa akimuuliza khabari za kindege kile kwa mzaha na mapenzi. Ibnul-Qass, mwanachuoni mkubwa wa madhhebu yetu ya Shafii, aliandika risala nzima juu ya hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake faida sitini na zaidi. Na katika yaliyochukuliwa na wanavyuoni kwayo ni kwamba yajuzu mtoto kucheza na ndege madamu hamuadhibu. Basi furaha peke yake si dhambi. Linalotafutwa ni mpaka wake.

Tuliingia horini maji yakijaa. Upande wa kaskazini, karibu na mlango wa hori, yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waislamu wa karne ya 14, na msikiti wake umesimama ukiitazama bahari. Bila shaka watu wa mji ule walivua katika maji haya haya. Ukipita hapo ukaingia ndani, bahari hugeuka: hapana tena wimbi, maji huwa ya rangi ya chai, na kando zote mbili ni mikoko na michu iliyosimama katika tope. Vijito vya bara huleta maji matamu wakati wa masika, na bahari huleta ya chumvi mara mbili kila siku, na mchanganyiko huo pamoja na majani yanayoanguka na kuoza ndiyo chakula cha viumbe wadogo wasiohisabika. Samaki wengi wa mwambani huwalea watoto wao hapa. Maji yakijaa, wadogo huingia katikati ya mizizi, mahali ambapo mkubwa hawezi kuwafuata. Yakipwa, hulazimika kutoka, na wakubwa huwangoja mlangoni mwa mkondo. Mvuvi naye hungoja papo hapo. Hii ndiyo sababu hori ni pazuri kwa mshipi, na ndiyo sababu pia ni pa kuogopewa: anayevua horini avua katika chumba cha watoto.

Mgeni wa kwanza alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye adabu. Alipompata kolekole wa kiasi cha ratili tatu alimvuta upesi, akalowesha mikono yake kwanza ili asimtoe samaki ute unaomkinga na maradhi, akaitoa ndoana kwa koleo hali ya samaki kuwa majini, akamwachia. Kolekole alipiga mkia akatoweka. Ndoana yake alikuwa ameibana kile kijino kinachozuia isitoke. Nilimtazama nikaona huyu ana huruma kuliko mimi, maana mimi samaki wangu humtupa ndani ya mtumbwi akaruka ruka mpaka afe.

Wa pili alikuwa kijana, naye alitaka samaki mkubwa kwa mshipi mwembamba, kwani kwao hilo ndilo la kujivunia. Tewa alipokamatika akapigana naye kwa muda mrefu, na mwenye mashua akimwambia kwa upole avute, naye akataka mapigano yaendelee. Samaki alipofika juu alikuwa ameishiwa na nguvu, ameimeza ndoana mpaka ndani, na damu yatoka matamvuani. Akanyanyuliwa juu, ikapigwa picha, si moja, kisha akarudishwa. Akaelea ubavu ubavu. Kijana wetu akamshika mkia akamsukuma mbele na nyuma ili maji yapite matamvuani, mpaka tewa akazama polepole. "Amepona, Maalim," akaniambia. Nikamwambia, "Labda."

Neno hilo "labda" lina maana yake. Waliochunguza mambo haya wameona kwamba wengi katika samaki wanaoachiwa huishi, na wengine hufa baadaye pasipo mtu kuwaona. Na hali huwa mbaya zaidi ndoana ikimezwa, mapigano yakirefuka, samaki akiwekwa nje ya maji, na maji yakiwa ya moto, kwa sababu maji ya moto yana hewa kidogo. Maji ya hori letu katika kaskazi ni ya moto. Na samaki aliyechoka akiachiwa mahali ambapo mzia anangoja, khabari yake aijua mzia.

Basi na tumrudie yule mwenzake aliyecheka. Hoja yake ina nguvu, nami sitaki kuipita juu juu. Asema: ukimla samaki, umemuua, ukimwachia, umemhurumia, vipi basi mwenye kuhurumia awe na lawama na mwenye kuua asiwe nayo? Na mimi naongeza juu yake: tukiuhisabu uchungu kwa mizani, kikapu changu cha Alkhamisi kina uchungu mwingi kuliko mashua ya mgeni yule mpole. Samaki wake wengi walirudi kwao. Wangu hawarudi.

Jawabu ni kwamba sharia haikutuhalalishia uchungu wa kiumbe, imetuhalalishia manufaa yake. Katika Suratul-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuo ya bahari na chakula chake, akaeleza kuwa ni manufaa kwetu na kwa wasafiri. Uchungu unakuja ndani ya manufaa hayo kwa kuwa hapana njia ya kuyapata bila ya huo, na kwa hivyo tumeamrishwa kuupunguza: imepokewa na Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus kwamba Mtume (s.a.w.) ametutaka tufanye wema hata katika kuua, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Manufaa yakiondoka, uchungu wabaki peke yake, hauna wa kuusemea. Iko hadithi katika Nasai ya kwamba shomoro aliyeuliwa bure atamlalamikia muuaji wake Siku ya Kiyama; wako walioitia dosari sanadi yake, walakini maana yake imeshikamana na misingi. Na tazama alivyosema Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisoma wenyewe: asikate mtu kipande cha samaki aliye hai, lakini akikikata, basi kukila ni halali kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Yaani chakula chaweza kuwa halali na kitendo kikawa na lawama. Wengi wetu huyachanganya mambo haya mawili, tukadhani kwamba kitu kikisha kuwa halali kuliwa basi kila linalofanywa juu yake halina hisabu.

Ama huko kuachia, lazima tuulize huruma ile ni ya nani. Desturi hii ilipata nguvu Marekani, na mmoja katika walioipigania ni Lee Wulff, mvuvi mashuhuri, katika kitabu chake cha mwaka 1939. Hoja yake ilikuwa kwamba samaki wa mchezo ana thamani kubwa mno hata asivuliwe mara moja tu. Ni hoja ya akili, na imewaokoa samaki wengi. Lakini isikilize vizuri: samaki anaachiwa ili avuliwe tena. Huruma ile ni ya mchezo usimalizike. Mtu akija kukugongea mlango usiku wa manane, akakuburura nje kwa mdomo, akakutazama uso, kisha akakwambia, "Haya, rudi ukalale, sikukudhuru," je, utamshukuru kwa kukurudisha kitandani? Amekurejeshea kilicho chako. Wema ungekuwa kutokugonga.

Atasema mtu: samaki hana maumivu kama yetu. Mwaka 2003 Uingereza, mtaalamu Lynne Sneddon na wenzake waliwatia samaki aina ya trauti sumu ya nyuki na siki kali midomoni. Samaki wale wakaacha kula kwa muda, na wengine wakasugua midomo yao katika changarawe. Wako wataalamu wengine waliopinga kwamba hayo ni maumivu, wakisema ubongo wa samaki hauna sehemu ambayo kwayo binaadamu huhisi. Sisi hatutawaamua. Walakini pakiwa na shaka katika kumwadhibu kiumbe kwa haja, kuna nafasi. Pakiwa na shaka katika kumwadhibu kwa mchezo, nafasi ni ndogo. Ajabu ni kwamba Wajarumani, katika sheria yao ya kulinda wanyama ya mwaka 1972, wamekataza kumtia mnyama uchungu au madhara pasipo sababu ya maana, na kwa ajili hiyo kwao kuvua kwa nia ya kuachia tu hakukubaliwi kwa wepesi. Wamefika kwa njia yao mahali ambapo wanavyuoni wetu walikuwapo.

Kisa kilichoninyima usingizi kwa kweli ni cha Ibn Umar. Aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, na wamepatana na mwenye ndege kuwa kila mshale utakaokosa ni wake. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Ndani ya kisa hiki yumo mwenye kucheza, kimo kiumbe, na yumo pia mwenye kupata ujira, na huyu wa tatu ndiye kijana wangu. Nilitaka kumpima kwa kisa hiki nikamaliza. Lakini kipimo hakikukaa sawasawa. Ndege yule amefungwa, na makusudio ni kumtoboa mpaka afe. Samaki wa horini yu huru, anawindwa, na mgeni yule mpole makusudio yake ni arudi akiwa mzima. Wanavyuoni wengi waliozungumza juu ya kuwinda kwa mchezo tu, bila haja ya kula wala nyingine, wamekuita makuruhu, na wako waliokaza zaidi. Nami nimerudi hapo: ni makuruhu kwa mwenye kuvua pasipo haja yoyote ila mchezo, na ubaya wake huzidi kila anapomkaribia yule ndege aliyefungwa. Anayeyarefusha mapigano kwa kujionyesha amemkaribia. Na mashindano ya kuhisabu nani ametoa samaki wengi na kuwaachia, hayo nayaona mabaya kabisa.

Haja nayo si ya tumbo peke yake. Huko Watamu na Malindi samaki wakubwa wa bahari kuu, kama sulisuli, hutiwa alama ndogo na kuachiwa, kazi ambayo African Billfish Foundation imeishughulikia tangu mwaka 1990, ili ijulikane wanakwenda wapi na wanakua vipi. Hiyo ni elimu, na elimu ni manufaa. Vile vile anayemrudisha samaki mdogo ili akue, au jike lenye mayai, huyo simlaumu bali namsifu, kwani alitoka kutafuta kitoweo akamwacha asiyestahiki kuliwa leo. Kwa mkono, kitendo chake na cha yule kijana mwenye picha ni kimoja.

Na hapa nina neno na jamaa zangu mwenyewe. Tunaposikia khabari ya mgeni na ndoana yake tunapandisha sauti, lakini majuya yaliyokatazwa Kenya tangu mwaka 2001 yakiburura watoto wa samaki kwa maelfu, tunanyamaza, kwa kuwa mwenye juya ni ami yetu. Nyavu za macho madogo zatandwa mikokoni, mikoko yenyewe yakatwa ikachomwa, na katika hori la Tudor maji machafu ya mji yaingia kila siku mizizini. Mwenye kumpiga picha tewa mmoja hakuliua hori. Pengine yeye ndiye atakayelilia hori zaidi kuliko sisi, maana samaki wakiisha hana la kuja kulifanya huku.

Sikujiepusha mwenyewe. Nyama iko sokoni, na nyumbani kwangu hapana aliyepata kulala na njaa kwa kukosa samaki wangu wa Alkhamisi. Mimi pia natoka kwa ajili ya ile ladha ya mshipi, kisha nakula. Tofauti yangu na mgeni ni kikapu, na kikapu chaweza kuwa haja, chaweza pia kuwa kisingizio. Wiki moja baada ya safari ile nilikuwa na chaa sita, nao watutosha sisi na jirani. Maji yalikuwa mazuri, nikatia chambo tena, na ndoana ilikwisha gusa chini nilipojiuliza huyu wa saba ni wa nani. Sikuwa na jawabu. Nikaukunja mshipi, na nasema kweli, niliukunja kwa uzito.

Sasa ujira. Nimemwandikia kijana kwamba neno langu la kwanza nimelirudisha, na namuomba radhi kwalo. Kuwachukua watu katika mashua na kuwaonyesha mikondo ni kazi ya halali, na ujira wake ni halali. Kumsaidia mtu katika makuruhu ni makuruhu, na hilo ataliepuka kwa kadiri awezavyo, wala hakuambiwa ausimamishe moto jikoni mwa mama yake. Mashua ni yake, na mwenye mashua ana neno. Aweke masharti yake kabla ya kung'oa nanga: ndoana zibanwe vijino, mshipi uwe wa nguvu za kutosha ili samaki asichoshwe, picha ipigwe samaki akiwa majini au isipigwe, aliyemeza ndoana akavuja damu asirudishwe kufa bure bali aliwe, akiwa ni katika wale ambao sheria ya nchi inaruhusu kuchukuliwa. Na kila safari, samaki wa kiasi wawekwe, wapikwe ufukoni, mgeni ale pamoja naye kwa mkono. Wengi katika wageni hawa hawajala samaki waliyemvua wenyewe, na wakionja huenda wakabadilika nia bila ya kuhubiriwa. Atakayekataa masharti, au atakayetaka mashindano ya hisabu, amwachie mwenye mashua mwingine, na riziki ya siku ile i kwa Mwenye kuruzuku.

Ameniletea khabari kwamba wawili wamekubali na mmoja amekataa. Akitaka dalili nilizozifupisha hapa, darsa ni baada ya Isha kama kawaida, na aje pia na yule mwenzake aliyecheka, kwani suali lake lilikuwa zuri kuliko jawabu langu.